Kulala bure kaskazini mwa Ontario: maji ndiyo yaliyotupangia safari

Watu wengi wa kwetu tunaoishi Ontario tunaijua Toronto, Ottawa na maporomoko ya Niagara. Kaskazini ya jimbo tunakupita kwa ndege tukienda Edmonton au Calgary. Mimi nilitaka kupita chini, kwa barabara, na mke wangu na watoto wetu wawili, tukilala ndani ya gari-nyumba katikati ya misitu na maziwa. Na nilitaka siku nyingi tulale bila kulipa. Uwanja wa kambi wenye umeme huku unatoza makumi ya dola kwa usiku, na sisi ni familia inayotuma pesa nyumbani kila mwezi. Tuliweza, na naeleza hapa namna tulivyofanya, kwa sababu nilipokuwa najiandaa nilitafuta maelezo kwa Kiswahili sikuyapata.

Gari tulilinunua pamoja na shemeji yangu, lililotumika, aina ile yenye kichwa cha lori dogo la Ford na nyumba iliyojengwa nyuma, kitanda kimoja kikiwa juu ya kichwa cha dereva. Tulichanga nusu kwa nusu, na kila kiangazi familia hizi mbili zinapeana zamu. Leseni ya kawaida ya G inatosha kuliendesha, maana inaruhusu gari la uzito wa hadi kilo 11,000, na letu liko chini sana ya hapo.

Sasa sheria, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaogopa bure. Karibu asilimia 87 ya Ontario ni ardhi ya Taji, yaani ardhi ya umma iliyo chini ya serikali, na sehemu yake kubwa iko kaskazini. Mkazi wa Kanada anaruhusiwa kupiga kambi humo bila malipo hadi siku 21 mahali pamoja katika mwaka mmoja. Neno lililonifurahisha ni hilo la "mkazi". Si lazima uwe raia. Ukiwa umeishi Kanada angalau miezi 7 katika miezi 12 iliyotangulia, unahesabiwa. Hili nimelirudia kwa wanafunzi na kwa watu wenye vibali vya kazi waliokuwa wameshaamini kwamba mapumziko ya namna hii si yao. Ni yenu pia. Mgeni aliyekuja kutembea tu ndiye anayetakiwa kununua kibali akitaka kulala kwenye ardhi ya Taji kaskazini mwa mito ya French na Mattawa.

Lakini bure haina maana kwamba ardhi haina wenyewe. Kaskazini mwa Ziwa Superior ni nchi ya Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huko, na ardhi yao iliingizwa kwenye mkataba wa Robinson-Superior mwaka 1850. Ukivuka kwenda upande wa mito inayoelekea kaskazini kwenye ghuba ya James Bay, unaingia eneo la Mkataba wa 9 wa mwaka 1905, na huko wapo Wakrii pia, wenyeji wengine wa asili. Ardhi ya jamii hizo haihesabiki kama ardhi ya Taji ya kupigia kambi, na ramani inaonyesha mipaka yake. Sisi tuliotoka mahali ambapo mzee wa kijiji huulizwa kwanza kabla hujachimba hata shimo, hatuhitaji kufundishwa adabu hiyo. Tuliikwepa mipaka hiyo, na mahali pale tulipohitaji kupita tuliuliza.

Serikali ya jimbo ina ramani ya matumizi ya ardhi ya Taji kwenye intaneti. Nilikaa nayo jioni nyingi kabla ya safari, nikitazama kando ya barabara kuu namba 17 na namba 11, nikilinganisha na picha za satelaiti. Nilichokuwa natafuta ni njia za msituni zilizochongwa kwa ajili ya magogo, mashimo ya zamani ya kokoto, na pembe za maziwa ambako pana nafasi ya kugeuza gari refu. Kila mahali nilipopapenda nilipahifadhi kwenye simu pamoja na ramani yenyewe, kwa sababu huko mtandao unakatika kwa mwendo wa saa nzima na zaidi. Tulijiwekea utaratibu wa kufika jua likiwa bado juu. Mmoja wetu alishuka, akatembea mbele kwa miguu akikagua matope, matawi ya chini na mahali pa kugeuzia, ndipo gari likafuata. Na hatukusimama kamwe kwenye njia ambayo malori ya magogo yanaitumia. Lori lile likija na mzigo halisimami ghafla.

Hayo yote ni ya kujifunza kwa siku chache. Kilichoamua kila siku tulale wapi ni maji.

Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Mwenye umeme na bomba la uwanja wa kambi hayafikirii. Msituni unayafikiria tangu asubuhi, maana la kwanza likiisha huna maji ya kupikia, na la tatu likijaa huna choo. Kumwaga majitaka chini ni marufuku, na hata kama isingekuwa marufuku, mtu mwenye akili hawezi kuyamwaga kando ya ziwa ambalo watu wa mji unaofuata wanakunywa. Kwa hiyo nilipanga safari kwa kufuata miji yenye vituo vya kumwagia majitaka na mabomba ya maji safi. Miji midogo ya kaskazini inajali wasafiri: baadhi ina kituo cha manispaa, bure au kwa dola chache, na penginepo huduma iko kwenye sheli. Nilipiga simu siku moja kabla ya kila mji, maana taarifa za mtandaoni huwa zimepitwa na wakati.

Na hapa malezi yetu yalitusaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Mimi nimekulia Kigoma, nikichota maji kwa ndoo. Naweza kuoga vizuri kwa kopo na nusu ndoo, na mke wangu, aliyekulia Bujumbura, anaosha vyombo vya watu wanne kwa beseni mbili. Tulizima bafu la gari kabisa. Watoto waliozaliwa Hamilton, mji tunaoishi, walifundishwa na mama yao kujipaka sabuni kwanza, kisha kujimwagia. Tangi ambalo kitabu cha gari kilisema litatosha siku mbili kwa familia, kwetu lilikaa zaidi ya maradufu. Nilijivunia sana kuona watoto wangu wanajua sasa thamani ya lita moja.

Umeme haukutusumbua sana. Paneli ya sola juu ya paa na mwendo wa gari mchana vilijaza betri, na kwa kuwa betri zetu ni za kawaida za madini ya risasi, hatukuziacha zishuke chini ya nusu, maana zinaharibika haraka. Friji na jiko vinakwenda kwa gesi. Nilihakikisha kifaa kinachopiga kelele hewa ya sumu ikijaa ndani kinafanya kazi kabla hatujatoka, kwa sababu usiku wa Agosti huko unaweza kuwa baridi na mtu akatamani kuwasha moto ndani. Unga wa ugali, dagaa na maharage tulibeba kutoka nyumbani. Kwenye maduka ya huko usitegemee kuvipata.

Tulichagua Agosti kwa makusudi. Mei na Juni visubi na mbu wa kaskazini ni adhabu, na mwisho wa kiangazi wanapungua. Hatari ya Agosti ni moto wa misitu. Serikali inaweza kutangaza eneo kuwa la marufuku ya moto, na hapo huruhusiwi kuwasha hata moto mdogo wa kuota. Kila asubuhi tuliyopata mtandao niliangalia kwanza tangazo hilo.

Tuliingia barabara namba 17 kupitia Sault Ste. Marie. Kutoka hapo hadi Wawa ni kama kilomita 225, na kipande hicho kilikamilika mwaka 1960 tu; kabla ya hapo hukuweza kulizunguka ziwa kwa gari upande wa Kanada. Ukiona miamba ilivyopasuliwa kando ya barabara utaelewa kwa nini walichelewa. Kipande kirefu cha mwendo huo kinapita ndani ya hifadhi ya jimbo ya Ziwa Superior, ambako kulala bure hakuruhusiwi, kwa hiyo tulilipia uwanja wa kambi wa Agawa Bay. Sioni ubaya wowote kulipa usiku mmoja baada ya siku kadhaa: tulijaza maji, tukamwaga majitaka, kila mtu akaoga maji ya moto. Asubuhi, ziwa likiwa limetulia, tulikwenda kuona michoro ya kale ya rangi nyekundu ambayo Waanishinaabe waliichora kwenye jabali la Agawa. Unaifikia kwa kutembea juu ya mwamba unaoteremka majini, na mawimbi yakiwepo hapapitiki.

Superior ndilo ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote duniani ya maji yasiyo na chumvi, kama kilomita za mraba 82,000, na Victoria letu ndilo la pili. Mke wangu aliwaambia watoto wasisahau kwamba kwa kina, Tanganyika lina mita 1,470 na hili lina 406 tu. Waliandika namba hizo kwenye daftari.

Wawa kuna sanamu ya bata bukini, White River kuna sanamu ya dubu aliyenunuliwa stesheni pale mwaka 1914 na kuishia bustani ya wanyama ya London, Uingereza, yule ambaye Winnie-the-Pooh wa hadithi za watoto alipewa jina lake. Tulipiga picha, tukaendelea.

Nipigon nataka nikae kidogo. Barabara za 11 na 17 zinakutana hapo na kuvuka mto kwa daraja moja, na hakuna njia nyingine ya lami inayounganisha mashariki na magharibi ya Kanada bila kuingia Marekani. Nusu ya kwanza ya daraja jipya la nyaya ilifunguliwa Novemba 2015. Januari 10, 2016, sehemu ya sakafu yake ilinyanyuka, daraja likafungwa, na nchi nzima ikawa imekatika vipande viwili kwa barabara mpaka njia moja ilipofunguliwa siku iliyofuata. Kisa hicho ndicho kilichonifanya niweke kanuni: mafuta hayashuki chini ya nusu tangi, na ndani ya gari daima kuna chakula na maji ya kunywa ya siku tatu za ziada. Barabara moja ikifungwa kwa ajali au moto, huna pa kuzungukia.

Tukaiacha 17 na kushika 11 kwenda Geraldton na Longlac. Watalii wengi wanabaki kwenye ziwa. Mimi naona 11 ndiyo kaskazini yenyewe. Kati ya Longlac na Hearst ni takriban kilomita 200 za msitu ambazo karibu hazina huduma. Hatukuendesha machweo wala usiku, kwa sababu ya moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo kikubwa kuliko farasi, ambaye rangi yake inapotea kabisa kwenye giza. Kwenye barabara hii kuna bango linaloonyesha mahali mito inapogeuka na kuanza kutiririka kuelekea kaskazini, Bahari ya Aktiki.

Hearst ni mji wa watu kama 5,000, na karibu tisa kati ya kumi lugha yao ni Kifaransa. Mke wangu alishuka garini akabadilika. Miaka yote ya Hamilton anajibana kwa Kiingereza, na hapa kila duka lilimpokea kwa lugha aliyosomea shuleni. Pana chuo kikuu kidogo kinachofundisha kwa Kifaransa, na kina wanafunzi wengi kutoka Afrika. Tulikuwa kwenye dobi ya mashine, watoto wanagombana kwa Kiswahili, kijana mmoja akageuka.

"Pardon mama, muko watu wa wapi?"

"Mimi wa Bujumbura, baba watoto ni wa Kigoma."

"Aa! Basi muko majirani. Mimi niko wa Goma. Karibuni sana, papa."

Alikaa nasi mpaka nguo zikakauka. Alifanya kazi ya kiangazi kwa watu wa mbao, akaifungua ramani yangu na kunionyesha kwa kidole njia ya msituni ambayo malori hayakuwa yakipita wiki ile, na mwisho wake ziwa dogo lenye uwazi wa kutosha. Jioni tulimkaribisha. Tulikula ugali na samaki wa moshi tuliyemnunua kando ya Superior, na akatueleza majira ya baridi yalivyo pale, na jinsi wanafunzi wa kutoka nchi mbalimbali wanavyosaidiana kutafuta makoti kabla theluji haijaanza. Ni mahali pazuri kuliko pote tulipolala, na hatukulipa hata senti.

Kapuskasing tulijaza maji na gesi. Cochrane ndiko treni ya Polar Bear Express inakoanzia kwenda Moosonee, mji ambao hauna barabara ya kuufikia. Tukateremka kusini kupitia North Bay hadi nyumbani.

Hesabu ya mwisho ni hii: zaidi ya kilomita 2,500, na gari la aina yetu linakunywa lita 20 hadi 25 kwa kila kilomita 100. Mafuta yalichukua pesa nyingi kuliko vitu vingine vyote tukivijumlisha, na tulipolala bure ndipo tulipopata nafasi ya kuyalipia. Shemeji ana zamu kiangazi kijacho. Nimempa ramani yangu, namba za simu za manispaa, na yale mabeseni mawili.