Kutoka Malindi hadi Matondoni: Jahazi, Maji na Kalafati

Kusi lilikuwa limeanza kulegea tulipong'oa nanga Malindi jioni moja ya mwezi wa Septemba, tukiwa watatu katika jahazi dogo la ami yangu: yeye mwenyewe nahodha, baharia mmoja mzaliwa wa Kizingitini, na mimi niliyekabidhiwa meko na ndoo ya kufulia maji, yaani kuyatoa chomboni. Kwa njia ya bahari Lamu haiko mbali, kwani masafa yake hayafiki hata kilomita 150, na upepo wa nyuma huyamaliza kwa usiku mmoja na sehemu ya asubuhi. Hata hivyo, hatukwenda kwa ajili ya shehena. Chombo kilikuwa kinavuja polepole, bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa maji, lilikuwa linakaribia, na mafundi ambao ami anawaamini wako Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu.

Tulipokwisha kuyapita maji ya udongo yanayomiminwa na Mto Sabaki, kazi zikajipanga zenyewe. Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, hukaguliwa kwanza, kabla ya chakula na kabla ya usingizi, kwa sababu kimo cha maji yaliyomo ndicho kinachomwambia nahodha hali ya mbao zilizo chini yake. Wali nilipika shetrini, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, juu ya makaa yaliyowekwa katika sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na kitoweo kilikuwa nguru aliyenaswa na mshipi wetu kabla ya magharibi. Maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Sitaha ilimwagiwa maji ya bahari mara kwa mara, jambo ambalo msafiri mgeni angedhani ni usafi. Kwa kweli mbao zikikaushwa na jua husinyaa, mianya yake ikafunguka, na wimbi la kwanza linalopanda juu likapata njia ya kuingia ndani.

Usiku, tukilikata Ghuba la Ungwana, tanga lilichanika kwenye mshono ulio karibu na foromali, yaani boriti inayobeba tanga. Ami aliamuru foromali ituliwe mara moja, maana mpasuko wa shibiri moja ukiachiwa upepo huwa wa pima nzima. Baharia alishona kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta, mimi nikimshikia taa, na chombo kikiyumba vibaya kwa kukosa tanga la kukituliza. Nilistaajabia utulivu wake. Alivuta kila mshono kwa nguvu ileile, na alipomaliza aliupitia wote kwa kidole kabla hatujatweka tena.

Asubuhi tuliingia na maji yanayojaa, Ras Kitau ikiwa upande mmoja na Shela upande wa pili, tukaupita mji wa Lamu bila kuteremka, tukazunguka hadi Matondoni.

Katika pwani hii bamvua lina saa zake: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kabisa asubuhi karibu na saa nne. Fundi hupanga kazi yake yote kwa kuifuata saa hiyo. Tulikipweleza chombo alfajiri, mafundi wakakiwekea gadi, yaani magogo ya kukiegemeza, pande zote mbili, na maji yalipoondoka ubavu wote ukaonekana, umevaa mwani na magamba. Baada ya kukwangua, fundi alitembea taratibu akigonga mbao kwa mpini wa nyundo, kisha akasimama karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. "Hapa, nahodha," alisema. Pamba ya zamani ya kalafati, yaani ile inayoziba mianya ya mbao, ilikuwa imeoza kwa urefu wa ubao mzima.

Waliitoa yote, wakashindilia pamba mpya iliyolowekwa mafuta, kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilidhani pamba nyingi ingekuwa salama zaidi, lakini fundi alinieleza, "Mwanangu, mbao zikinywa maji zitavimba. Ukijaza kupita kiasi zitasukumana hadi ziachane na mataruma, mbavu za chombo." Kwa hiyo husikiliza mlio wa nyundo, na unapobadilika kuwa mkavu anajua pamba imetosha. Mwisho ilikuja deheni, yaani shahamu iliyochemshwa na chokaa, wanayoipaka kwa viganja ingali vuguvugu ili kumzuia mdudu atobolaye mbao za chombo kilichomo majini. Wapakaji walikwenda mbio, kwani maji yalikuwa yamekwisha kugusa gadi za tezini, upande wa nyuma, na deheni haishiki juu ya ubao uliolowa.

Alasiri jahazi lilielea. Ami aliteremka ngamani na taa, akakaa humo kwa muda mrefu, akapanda na kusema kwamba panatona kidogo karibu na mkuku na kwamba mbao zikivimba usiku huo patafunga. Alfajiri nilikagua nikakuta ngama kavu. Tulibaki na jarari, yaani kamba ya kutwekea foromali, iliyochakaa, ambayo ami hakukubali tuondoke nayo kwenda Pate, basi siku hiyo ikawa ya kusuka kamba.