Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Matangi ya Mafuta Yaliyoliwa na Kutu

Saa 12 asubuhi

Kila siku hufungua milango yote miwili ya gereji na kusimama nje kwa dakika kadhaa kabla ya kugusa swichi ya taa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukatokea madirishani. Hutambaa sakafuni, hujikusanya kwenye shimo la kukagulia magari na kungoja cheche. Nimetengeneza matangi ya magari ya zamani kwa miaka 19, na sijawahi kuwasha taa kabla hewa ya usiku haijatoka.

Wengi hudhani kazi yangu ni kuziba matundu. Kuziba ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Siku yangu hasa ni ya kumwaga, kuosha, kukwangua, kungoja na kupima, na mteja anayenitazama nikifanya hayo huona fundi anayepoteza muda. Naandika ili walau wachache waelewe muda huo huenda wapi.

Saa 1 asubuhi

Mwanagenzi wangu alifika, akaniamkia, nami nikampa kazi ya kusuuza tangi tuliloliacha na dawa ya kutu tangu jana. Kazi ilikwenda vizuri na sina la kueleza zaidi.

Saa 1 na nusu

Likaingia gari dogo lenye umri wa zaidi ya miaka 30, la kabureta, tangi lake likiwa chini ya buti. Harufu ilimtangulia dereva. Alikuwa bwana wa makamo, nadhifu, mwenye haraka.

"Fundi, nina tundu moja dogo tu. Nina safari saa tisa."

Niliinama na tochi. Kwenye mshono wa chini wa tangi tone la petroli lilikuwa limening'inia, likajaa taratibu, likaanguka, na lingine likaanza mahali pale pale. Kulizunguka palikuwa na utando mweupe unaoteleza. Nilimwuliza kama amepaka sabuni, akakubali: kwa wiki tatu amekuwa akisugua kipande cha sabuni juu ya tundu, na kila mara kimezuia.

Simlaumu kwa hilo. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana hushika, na inaweza kumfikisha mtu kwa fundi. Lakini huyeyuka kwenye maji. Tairi moja ikipita kwenye dimbwi, kizibo kimekwenda, na dereva hana habari mpaka anuse.

Nikaondoa kwanza waya wa hasi wa betri, nikasukuma gari mpaka uwanjani, tukaanza kumwaga mafuta kwa pampu ya mkono kwenye madebe ya chuma yaliyounganishwa na bodi ya gari kwa waya, ili umeme tuli, ule unaojikusanya mafuta yakitiririka, usiruke kama cheche. Kijana wangu hapo awali alizoea kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, kama alivyofundishwa alikotoka. Nilimkataza siku ya kwanza. Petroli kidogo ikikosea njia na kuingia mapafuni huyaunguza vibaya, na ndani yake mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu.

Saa 3 kasoro robo

Tangi lilishuka, likawekwa juu ya meza ya nje. Hapa ndipo asubuhi yangu ilipokwama.

"Sasa limekuwa tupu," alisema yule bwana. "Piga gesi dakika tano, niondoke."

Nilimweleza kwa utulivu kwamba tangi lililojaa petroli lina hatari yake, lakini lililomwagwa hivi punde ni baya zaidi. Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi lililojaa, nafasi iliyobaki juu kwa kawaida ina mvuke mwingi kupita kiwango hicho. Ukilimwaga, hewa huingia, na mabaki yaliyojificha kwenye mishono na chini ya kutu huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha petroli kikigeuka mvuke ndani ya tangi la lita 50 kinatosha kulifanya bomu, tena bomu ambalo fundi amelikumbatia kifuani.

Alisikiliza, akatazama saa, akasema, "Mbona wengine wanachomelea tu?"

Ni kweli wapo. Wapo pia wasiokuwepo tena. Nilimwambia tutaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya mafuta, tutalimwaga, tutarudia, kisha tutalipitishia mvuke wa maji kwa muda wa saa nzima na zaidi. Akaenda pembeni kupiga simu akitafuta fundi mwingine, kwa sauti ambayo alitaka niisikie. Niliendelea kumimina maji. Kwa nusu saa hivi alikwenda na kurudi, kila akirudi na swali lile lile kwa maneno mengine: je, maji mara moja hayatoshi? Je, kuna haja ya kurudia mara ya tatu? Je, harufu si imeisha? Harufu haikuwa imeisha. Pua ya mtu huizoea haraka, na ndiyo sababu mimi mwenyewe siamini pua yangu baada ya saa mbili za kazi. Humwita mtu aliyekuwa mbali aje anuse.

Mvuke ulipokuwa unapita, nilichukua brashi ya waya nikaanza kusafisha upande wa nje, pale mkanda wa chuma unaposhikilia tangi. Kati ya mkanda na tangi huwa kuna kipande cha mpira au kitambaa kizito cha kuzuia kelele. Kipande hicho hunywa maji ya mvua na tope, na mahali penye chumvi barabarani au karibu na bahari hunywa na chumvi, kisha hukaa kimelowa kwa siku nyingi kikigusa chuma. Juu, rangi ilionekana nzima. Nilipopitisha brashi, rangi ilivimba, ikabanduka kwa magamba ya kahawia, na chini yake mwanga ukapenya. Tundu la pili. Kisha la tatu na la nne, yamepangana kando ya alama ya mkanda.

"Fundi!" Alikuja mbio. "Nimeleta tundu moja, wewe unanitobolea tangi zima!"

Maneno hayo huniuma kuliko uchovu wowote wa kazi hii, kwa sababu yananifanya mwizi kwa kosa la kutu. Nilizima mvuke, nikasubiri tangi lipoe, kisha nikachukua bisibisi nikaigonga kwa mpini wake sehemu ya juu ya tangi iliyo nzima. Ikaitika kwa sauti kali, ya kuvuma. Nikagonga chini, karibu na bolti ya kumwagia mafuta. Ikatoa sauti ya kufa, kama mtu anagonga kadibodi. Nikampa bisibisi mkononi mwake.

"Gonga wewe, mzee. Kisha bonyeza taratibu, usitumie nguvu."

Alibonyeza kwa kidole kimoja tu juu ya mpini. Ncha ikazama ndani kama inapita kwenye ganda la yai, na vumbi jekundu likamwagika juu ya kiatu chake. Akabaki ameishika bisibisi vile vile. Alipozungumza tena aliuliza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la zamani aulize mapema: imekuwaje?

Nikakaa kumweleza, ingawa muda ulikuwa unapita. Matangi mengi ya zamani yalitengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa metali mbili laini, risasi na stani, na ngozi hiyo nyembamba ndiyo iliyolinda chuma. Ikichubuka, kutu huanza. Kwa nje adui ni tope na chumvi. Kwa ndani adui ni maji. Gari linaloegeshwa na mafuta kidogo lina nafasi kubwa ya hewa ndani ya tangi. Usiku baridi ikishuka, unyevu hutokea kwenye kuta kama umande, matone huteremka, na kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, maji hukaa chini kabisa, pale pale kwenye bolti, miezi na miaka. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, aina ya pombe, huongeza jambo jingine. Yenye asilimia 10 ya ethanoli inaweza kubeba maji kiasi cha sehemu 5 kati ya 1000; yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga pamoja na kuzama. Katika tangi la lita 60 hiyo ni kama theluthi moja ya lita tu, na gari lililosimama muda mrefu linaweza kulifikia hilo bila mtu kujua.

Alikiri kwamba hulijaza lita chache chache, na kwamba gari lilisimama karibu mwaka mzima. Akaahirisha safari yake. Sikumwomba afanye hivyo.

Saa 6 mchana

Tangi la dizeli la gari la mizigo. Mtu fulani alilitia kiraka cha bati lililopakwa zinki. Zinki na dizeli havipatani. Hutoa vitu vinavyofanana na sabuni ambavyo huziba filta, na dereva alikuwa amebadilisha filta mara nne akilaumu kituo cha mafuta. Tulikata kiraka, tukaweka bati tupu la chuma.

Mchana

Tulirudi kwenye tangi la asubuhi. Nilikata sehemu mbili zilizooza, moja kando ya mkanda na nyingine kuzunguka bolti, mpaka nikafika kwenye chuma kinachong'aa. Wapo wanaopaka gundi ngumu juu ya kutu na kuita kazi imekwisha. Gundi hiyo siidharau, ina mahali pake njiani, lakini juu ya kutu ni pazia tu: kutu huendelea kutembea chini yake na kutokeza upande wa pili. Na ingekuwa chini yote imeoza, ningemwambia atafute tangi lingine, ingawa kwa magari ya umri huo jipya ni adimu, na lililotumika mara nyingi lina kutu ile ile. Matangi ya plastiki yalianza kuenea kwenye magari tangu miaka ya 1970 na hayaliwi na kutu, ila nayo hayalehemiki.

Kwa kiraka chenyewe situmii moto wa wazi. Tuligeuza tangi ili sehemu ya kazi iwe juu, tukalijaza maji mpaka vidole viwili chini ya tundu, hivyo nafasi ya mvuke ikabaki ndogo sana. Kichwa kizito cha shaba tulikipasha moto mbali, upande wa pili wa uwanja, tukakibeba kikiwa na joto. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 1500 za Selsiasi. Lehemu ya risasi na stani huanza kuyeyuka kwenye 183. Tofauti hiyo ndiyo usalama wangu. Kingo zilikwisha kusuguliwa kwa msasa na kupakwa dawa ya kusaidia lehemu ishike. Shaba ikagusa, lehemu ikalainika, ikang'aa kama zebaki, na kisha ikavutwa yenyewe chini ya kiraka. Nikiona lehemu inavutwa hivyo najua imeshika. Ikijikunja kuwa kijitone juu ya bati, najua uchafu umebaki na lazima nianze upya. Kingo tatu zilikubali. Ya nne ilikataa mara mbili.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Mgongo ulikuwa umekaza kwa kuinama, na glavu zilikuwa zimelowa ndani. Tuliweka asidi ya fosforiki iliyozimuliwa kwa maji ili imalize kutu ya ndani, tukalitikisa tangi wawili, huku na huku, tukabadilishana pande mikono ilipochoka, tukasuuza, tukakausha kwa hewa ya moto. Kisha kipimo cha kuvuja, kwa kulisukumia tangi hewa. Shinikizo halipaswi kuzidi kama bari 0.2, kwa sababu tangi ni bati jembamba na huvimba kama mpira ukilisukuma. Nikapaka maji ya sabuni kwa brashi, kiraka kwa kiraka, mshono kwa mshono. Viraka vyote kimya. Halafu, mbali kabisa na kazi yetu, kwenye shina la shingo ya kujazia mafuta, povu dogo likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Kijana alinitazama. Nadhani alitumaini ningesema litafaa hivyo hivyo, nami nilitamani mno kulisema. Tuliosha, tukajaza maji upya, tukapasha shaba.

Jioni

Jua lilikuwa limeshuka tulipopaka rangi ya mwisho na kuweka vipande vipya vya mpira chini ya mikanda. Wakati rangi inakauka tulibadilisha filta iliyojaa vumbi jekundu, mipira ya mafuta iliyopasuka, na tukapuliza njia ya hewa ya tangi, kwani ikiziba, pampu hunyonya mpaka tangi linakunjamana.

Yule bwana alirudi mwenyewe. Nilimwomba anuse chini ya gari, maana pua yangu wakati huo haikuwa na kazi tena. Alipiga magoti sakafuni na suruali yake safi, akakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema hasikii kitu. Kisha akauliza kama anaweza kuliacha mpaka kesho, likiwa limejaa, ili uzito wote wa mafuta ukae juu ya viraka usiku kucha. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga kumwomba.

Tulilijaza, tukalisukuma chini ya kibanda kilicho wazi pande zote, nikatandika karatasi nyeupe chini ya tangi, kona hadi kona. Madebe ya petroli chafu nikayafunga kwenye stoo ya nje. Nikanawa mikono mara mbili kwa sababu ya risasi, nikamruhusu kijana aende, nikazima umeme kwa swichi kuu iliyo ukutani nje ya mlango.