Kabla ya kukata tiketi ya Kigoma, tazama mwezi

Dodoma, Jumapili jioni

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914. Lakini njia yenyewe ni kongwe kuliko chuma. Misafara ya pembe na watumwa ilipita Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, na ilipovuka Ugogo ililipa hongo kwa watemi ili iruhusiwe kunywesha maji visimani. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru, tena wa wazi. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anayekwenda Ujiji haendi ugenini sana. Anamalizia njia ambayo wazee wa huku waliitoza.

Kosa linaloharibu safari nyingi za Kigoma ni kupanga kwa likizo ya kazini. Kigoma haifuati kalenda ya ofisi, inafuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, sasa zaidi taa za betri na sola. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta dagaa, dagaa huvuta migebuka. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haina tena wa kumvuta. Ndiyo maana kwa karibu wiki moja kuzunguka mwezi mpevu mialo hupoa na vyombo hubaki ufukweni vikitengenezwa. Ukifika siku hizo utaona nyavu zikishonwa na utauziwa dagaa wa wiki iliyopita. Fika kwenye giza. Angalia pia tangazo la serikali la kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndio msimu ambao wengi wetu hupenda kusafiri kwa sababu hauna mvua.

Kuhusu treni: ya Kigoma ni ya reli ya zamani, na hupandiwa stesheni ya zamani mjini, si ile mpya ya SGR. Kuna watu huachwa kwa kosa hilo tu. Safari kutoka hapa ni kama kilomita 800. Ratiba ya siku hubadilika, ulizia dirishani wiki ile ile. Masika, treni ikichelewa, mara nyingi shida imeanzia mashariki yetu, kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mto hula tuta la reli. Daraja la pili kulala ni chumba cha vitanda sita, na kitanda cha juu ndicho salama kwa mzigo. Saranda, nunua kuku akiwa bado wa moto. Tabora usishuke ovyo: hapo mabehewa hukatwa, mengine huelekea Mwanza, mengine Mpanda. Shika namba ya behewa lako, na kabla hujaenda kununua asali muulize mhudumu lini linavutwa.

Wenye haraka hupanda basi stendi ya Nanenane. Wanafika, ila Uvinza inawapita usingizini, na Uvinza ndiyo iliyolisha chumvi nchi hizi kabla hakujawa na duka.

Ujiji iko kilomita chache kusini mwa mji wa Kigoma, daladala zipo kutwa. Wageni wote hupelekwa kwenye jumba la makumbusho, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, penye sanamu mbili za watu wanaovuliana kofia na miembe inayosemwa ni uzao wa mwembe waliokutania chini yake. Nusu saa inatosha. Jambo la kutazama kwa makini ni umbali wa ziwa. Simama penye mnara, kisha tembea hadi majini, uone ni mwendo gani. Livingstone hakukutwa mbali na maji hivyo. Wakati ule mto Lukuga, mdomo pekee wa kutolea maji ya ziwa, ulikuwa umeziba kwa tope upande wa Kongo, na ziwa likajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ukazibuka, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kwa mita kama kumi. Ujiji ikabaki na ufukwe mrefu wenye maji haba. Meli za Wajerumani zilitaka kina, na ghuba ya Kigoma ilikuwa nacho. Hivyo reli ikaishia Kigoma, na mji mkubwa ukageuka kitongoji. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena hadi kuingia majumbani Bujumbura.

Zungukeni mitaa ya Ujiji kwa miguu alasiri, jua likipoa. Baraza za nyumba zimejaa watu, na Kiswahili chake kina lafudhi ya pwani, kilomita elfu moja kutoka pwani.

Anayetaka kugusa mpaka wa Burundi apite Mwandiga, ashike njia ya Manyovu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo sokoni huwezi kujua nani ametoka wapi mpaka aanze kuhesabu pesa. Yanayokwamisha watu ni matatu. Kadi ya homa ya manjano hutambuliwa siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo ichomwe Dodoma mapema, isichomwe njiani. Ng'ambo saa iko nyuma kwa saa moja: saa mbili asubuhi Manyovu ni saa moja Burundi, na anayesahau hulikosa basi la kurudi. Na huko magari hupita kulia, basi tazama kushoto kwanza unapovuka. Usipige picha mpakani wala bandarini. Fedha badilisha kidogo, uhesabu mwenyewe noti moja moja, maana noti iliyokunjwa katikati huhesabika mara mbili.

Kitu kimoja kwa wanaopenda ngoma. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na amri ya mwaka 2017 ikakataza wanawake kuipiga. Huku Ugogoni muheme ni ngoma ya wanawake. Ukiijua muheme kabla ya kuvuka, utaisikia ile nyingine kwa sikio tofauti.

Sasa mzigo wa kurudi. Dagaa nunua kwenye mialo ya Kigoma, Kibirizi au Katonga. Chota konzi moja, tia kwenye bakuli la maji, sugua kidogo, subiri. Waliokaushwa mchangani huacha mchanga chini, wa kwenye chanja huacha maji karibu safi. Tazama tumbo. Likiwa la fedha, walikauka kwa jua kali la siku moja. Likiwa la manjano, walikawia kukauka na mafuta yake yamechacha, na hakuna kitunguu cha kuificha ladha hiyo. Funga kwenye gunia au kitambaa, kamwe si nailoni: jasho hugeuka ukungu kabla ya Itigi.

Mawese yatie kwenye dumu la lita tano, usijaze mpaka shingoni kwa sababu joto la njiani huyavimbisha. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kaza, kisha lilaze dumu juu ya gazeti usiku mmoja kabla ya safari. Likivuja, kheri livuje kwenye gazeti kuliko kwenye mabegi ya wenzako. Likifika Dodoma mwezi wa saba litaganda nusu, chini uji mzito wa chungwa, juu mafuta mekundu. Halijaharibika. Liweke juani saa moja, litikise, ndipo umimine.