Karatasi ya maabara ilisema hivi, mwili wangu ulikuwa unasema vile

Leo nimekaa nikasema acha niandike hili jambo likiwa bado bichi kichwani, maana kuna kipindi kirefu sikuwa na nguvu ya kuandika hata mistari miwili, na hiyo yenyewe ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Ilianza na uchovu. Yaani ule wa kuamka nao, unalala usiku mzima asubuhi unaamka kama vile ulikuwa unabeba mizigo. Halafu baridi, wenzangu wote wanalalamika joto mi nimejifunika, miguu ya baridi, vidole vya baridi. Nywele zikawa zinatoka kila nikichana, ngozi ikakauka, choo kikawa kigumu, hedhi nzito isiyotaka kuisha, uzito unapanda na wala sijaongeza kula. Na kusahau jamani, hapo ndo niliogopa kwakweli. Naanza kuongea, neno linapotea katikati, nabaki namwangalia mtu. Kila mtu alikuwa na lake, huyu anasema ni mawazo, yule anasema ni umri, mwingine ananiambia nipumzike tu. Mama ndiye aliyesema, mwanangu hebu nenda kapime thairoidi, shangazi yako aliugua hiyo na alianza hivihivi. Na kumbe ana hoja, haya magonjwa yanatembea kwenye familia, na wanawake tunayapata zaidi ya wanaume, tena kwa mbali sana.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, thairoidi ni tezi iliyoko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Inatengeneza homoni, kubwa mbili zinaitwa T4 na T3, na hizo ndo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani, moyo, joto, tumbo, akili, kila kitu. Sasa tezi haijiamulii yenyewe, kuna tezi nyingine chini ya ubongo, pituitari, inatuma homoni inaitwa TSH ya kuiamuru ifanye kazi. Tezi ikizembea pituitari inapiga kelele, TSH inapanda. Tezi ikizidisha, pituitari inanyamaza, TSH inashuka. Kwahiyo TSH ikiwa juu maana yake tezi iko chini, na hapa wengi tunachanganyikiwa tukishika majibu, tunaona namba kubwa tunadhani tezi imezidi.

Basi nikapima. Majibu yakatoka TSH iko chini, T4 iko juu. Daktari akaangalia karatasi akasema tezi yako inafanya kazi kupita kiasi, akaniandikia dawa za kuipunguza kasi.

Mi nikakaa pale nikawa najaribu kuelewa. Maana mtu ambaye tezi yake imezidi ndo anasikia joto, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, anaharisha, anakonda na huku anakula vizuri. Mi kila kitu kilikuwa kinyume, kimoja baada ya kingine. Nikamwambia daktari mbona mimi nasikia baridi, mbona nanenepa, akanijibu ndo majibu yanavyosema. Sikubishana, ila moyo haukutulia, nikaamua kabla sijameza kitu nitafute daktari mwingine na nikaenda haraka, maana tezi iliyozidi kweli nayo si kitu cha kukaa nacho nyumbani ukisubiri.

Huyu wa pili, karatasi aliiweka pembeni kwanza. Akaniuliza unajisikiaje, akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole vyake pande zote mbili za shingo, akanipa maji akasema kunywa taratibu, nikimeza tezi inapanda na kushuka chini ya vidole vyake. Akasema imevimba kidogo na ni ngumungumu. Akashika mapigo, yako polepole. Halafu akaniambia nipige magoti kwenye kiti, miguu ining'inie nyuma, akachukua kile kinyundo chao cha mpira akagonga juu ya kisigino. Mguu ukaruka kama kawaida, lakini kurudi sasa... ukawa unarudi polepole mno, mpaka mwenyewe nilikuwa nausikia. Akagonga na wa pili, vilevile. Akasema mtu ambaye tezi imezidi mguu wake hauwezi kurudi hivi.

Ndo akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. "Dada, unatumia nini? Nitajie vyote, hata vile ambavyo wewe huviiti dawa."

Nikamwambia hakuna, zaidi ya vitamini za nywele tu. Akasema nizione. Nilikuwa nazo kwenye mkoba, nikamtolea kopo, akaligeuza akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, akaniwekea kidole pale palipoandikwa bayotini miligramu 10.

Sasa sikia. Bayotini ni vitamini ya kawaida kabisa, mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 30 kwa siku. Miligramu 10 ni zaidi ya mara 300 ya hiyo. Kwa mwili haina shida kubwa, inatoka na mkojo. Shida ni kwenye mashine. Vipimo vingi vya maabara vinatumia bayotini hiyohiyo kama gundi ya kunasia homoni ili ihesabiwe, kwahiyo damu ikija imejaa bayotini ya vidonge, hesabu inavurugika. Na inavurugika kwa namna mbaya, TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, T4 na T3 zinasomeka juu kuliko zilivyo, karatasi inafanana kabisa na ya mtu mwenye tezi iliyozidi. Hata zile kingamwili za ugonjwa wa Graves, ambao ndo sababu kubwa ya tezi kuzidi, kwenye baadhi ya mashine zinaweza kuonekana zipo wakati hazipo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu hili jambo mwaka 2017, kwamba bayotini inaweza kuleta majibu ya uongo kwenye vipimo vya damu, na si vya thairoidi peke yake, hata kile cha kupima kama moyo umepata shambulio.

Yaani nilikuwa nanunua vidonge kwa sababu nywele zinatoka, nywele zinatoka kwa sababu ya tezi, na vidonge vinaificha tezi. Nilikasirika jamani, sitaki kusema uongo. Maabara walifanya kazi yao sawasawa, damu ni yangu, mashine nzima. Kilichokosekana ni mtu kusema hii karatasi na huyu mgonjwa hawafanani, hebu tuulize kwanini. Ule ubishi kati ya dalili na namba ndo ulikuwa ushahidi wenyewe, na kwenye chumba cha kwanza ulipita hivihivi.

Akaniambia niache vile vidonge kabisa. Wanaosema angalau siku mbili wako sahihi kwa dozi ndogo, kwa kubwa kama yangu akataka nivute zaidi. Nikarudia kupima asubuhi, na safari hii pamoja na TSH aliandika T4 huru, yaani ile ambayo haijashikwa na protini kwenye damu, na kingamwili za TPO, zile zinazoonyesha kama mwili unaishambulia tezi yake wenyewe. Majibu yakageuka juu chini. TSH iko juu mno, T4 huru iko chini, kingamwili zipo tele. Hashimoto. Mwili wangu wenyewe unaishambulia tezi yangu polepole. Jina limetokana na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeuelezea huu ugonjwa mwaka 1912.

Sasa fikiria ningekuwa nimeanza zile dawa za mwanzo. Tezi tayari imechoka, halafu unaipa dawa ya kuizuia isifanye kazi.

Toka hapo nimekuwa nauliza maswali mengi sana na kuna vitu naona kila anayepima angepaswa kuambiwa. TSH ya mtu mzima wengi wanasema kati ya 0.4 na 4 hivi, lakini kila maabara ina mipaka yake na mjamzito ana ya kwake, kwahiyo usilinganishe karatasi yako na ya jirani. TSH inakuwa juu usiku na asubuhi, mchana inashuka, ukirudia pima muda uleule. Ukiwa umeugua sana kitu kingine inaweza kuyumba, na kuna dawa kama amiodaroni ya moyo, lithiamu na steroidi zinaigusa pia. TSH ikipanda kidogo tu na T4 iko sawa, mara nyingi unaambiwa urudie baada ya miezi miwili mitatu kwa sababu kuna wanaorudi kawaida wenyewe. Na kuna wachache ambao shida yao iko kwenye pituitari, hao TSH inaweza kuonekana nzuri kabisa huku T4 iko chini, ukipima TSH peke yake unawakosa.

Ultrasaundi sikufanyiwa, na nilimuuliza mbona wengine wanafanyiwa. Akasema ile inaonyesha umbo, kama kuna kinundu au hakuna, haikuambii tezi inafanya kazi vipi, na shingoni kwangu hakugusa kinundu. Nilipenda hilo jibu. Kipimo kinachojibu swali ambalo hujauliza kinaweza kukuletea hofu mpya ya bure.

Sasa hivi niko kwenye levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, kila asubuhi tumbo tupu na maji tu, halafu nasubiri kama nusu saa mpaka saa nzima ndo nile. Haifanyi haraka. Nusu ya T4 iliyomo mwilini inachukua kama wiki nzima kuisha, kwahiyo dozi mpya unaipa wiki 6 mpaka 8 ndo unapima kuona kama inatosha. Nywele bado. Ila akili imerudi, namaliza sentensi zangu.

Mdogo wangu aliponiona nimepata nafuu akasema dada hata mimi nachoka, hata mimi nywele, basi nipe hizo zako nijaribu. Nikamkatalia katakata, nikamwambia nenda kapime, na ukienda taja kila unachomeza. Kaenda. Tezi yake nzima, T4 nzima, TSH nzima. Kilichokuwa chini ni feritini, akiba ya madini ya chuma, na hedhi yake ni nzito kuliko hata ilivyokuwa yangu. Kapewa vidonge vya chuma na wanatafuta damu inapotea kwanini. Tunakaa wote, kwahiyo imebidi tutenganishe makopo, langu kabatini lake mezani, maana chuma kikikutana na levothairoksini tumboni kinaizuia isiingie mwilini, inatakiwa masaa manne katikati. Nami madini ya chuma nimeshaambiwa tutayapima kwenye damu ya mwezi ujao, na nimeshaiandika kwenye daftari pamoja na orodha ya vyote ninavyomeza.