Kurudi kwenye mashindano ya tenisi baada ya upasuaji wa nyonga: kazi kubwa ni kusimama, si kukimbia

Upasuaji niliofanyiwa ni ule wa kuifunika nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikatwi. Huchongwa na kuvikwa kofia ya chuma, na tundu lake likawekewa kikombe cha chuma. Bob Bryan, mchezaji tenisi wa Marekani, alifanyiwa hivyo Agosti 2018, na Januari 2019 akacheza mashindano ya Australian Open, wawili wawili. Andy Murray wa Uingereza alifanyiwa Januari 2019, Juni akashinda mashindano ya Queen's ya wawili wawili akiwa na Feliciano López, na Oktoba akatwaa yale ya Antwerp akicheza peke yake. Watu hushika miezi tu. Mimi nilishika mpangilio: wote wawili walianza na mchezo wa wawili wawili, ambao kila mchezaji ana nusu ya uwanja wa kulinda.

Chuma chenyewe hakina cha kupona. Kinachosubiriwa ni vitu viwili. Kwanza ni shingo ya mfupa wa paja, chini tu ya ile kofia: miezi ya mwanzo inaweza kuvunjika, ndiyo maana kukimbia na kuruka kunangoja ruhusa ya daktari mpasuaji, na wengi hutaja karibu miezi 6. Pili ni misuli ya kalio, ambayo ilikuwa imeshadhoofika kwa maumivu kabla hata ya kisu.

Gongo nililiacha nilipoweza kutembea bila kuchechemea, si kabla. Linashikwa kwa mkono wa upande usiopasuliwa. Dalili ya kuangalia kwenye kioo ni kiuno: ukisimama kwa mguu uliopasuliwa na upande wa pili ukashuka, msuli wa pembeni ya kalio bado haujabeba kazi. Zoezi lake ni kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, seti 3 za mara 10 hadi 12, vidole vikitazama mbele na kisigino kikivutwa nyuma kidogo. Vidole vikielekea juu, msuli wa mbele ya paja unachukua kazi yote na kalio halipati kitu. Baadaye ni kushuka polepole kutoka kwenye kidato cha sentimita 20. Nilipoweza kushuka mara 10 bila goti kuingia ndani wala kiuno kuinama, ndipo nilipogusa raketi.

Nilianza ndani ya maboksi ya kuanzishia, yaani sehemu za uwanja zilizo karibu na wavu, kwa mpira wa rangi ya chungwa, ambao kasi yake ni karibu nusu ya ule wa kawaida. Kisha nikaenda kwenye wa kijani, ambao uko chini kwa kama robo. Hapa kuna mtego. Ukiambiwa upige ukiwa umesimama ili usichoke, miguu huganda chini na mzunguko wote wa mwili huishia kwenye nyonga. Ni afadhali kisigino cha nyuma kiinuke na mguu uzunguke pamoja na kiuno.

Kukimbia kwa mstari ulionyooka kulirudi kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Kazi ilikuwa kusimama. Kwenye forehandi ya mbali, yaani pigo la upande wa mkono wa raketi, mguu wa nje hubeba uzito wote wa mwili, nyonga ikiwa imekunjika na kugeuka kwa wakati mmoja. Niliweka koni mita 3 kila upande, nikaenda kwa nusu ya kasi, nikasimama kwa mguu wa nje na kukaa hapo sekunde 2 kabla ya kurudi. Mwili ukiyumba kuelekea nje, kasi bado ni kubwa mno. Koni hazikusogezwa mbali mpaka kusimama huko kukawa kimya, bila hatua ya ziada. Uwanja mgumu hukata mwendo ghafla. Wa udongo hupunguza mshtuko huo, ila ukiteleza huku miguu imetanuka sana, kinena ndicho kinacholipa.

Kuanzisha mpira niliacha mwisho. Napiga kwa mkono wa kulia, na nyonga iliyopasuliwa ni ya kushoto, kwa hiyo kila pigo linanitua juu yake. Nilianza bila kuruka, kisha kuruka kidogo, mipira 20 na siku moja ya mapumziko katikati, nikiongeza 10 tu pale asubuhi iliyofuata ilipokuwa safi.

Asubuhi hiyo ndiyo hakimu. Maumivu ya 3 kati ya 10 wakati wa kucheza nayavumilia, mradi yawe yameisha kesho yake. Nikiamka nachechemea, narudi hatua moja. Uchovu wa pembeni ya kalio ni wa misuli. Maumivu makali ya ghafla ndani ya kinena ni jambo jingine: unaacha kucheza, unatumia magongo na kwenda kupigwa picha ya mfupa, kwa sababu huenda ni ile shingo ya mfupa.

Kwenye mashindano, ugumu hutokea kati ya mechi. Zile sekunde 90 za kubadilishana upande nakaa nusu yake tu, inayobaki nasimama, kwa sababu kiti kifupi huikunja nyonga na kuikaza. Mechi mbili kwa siku moja nilizikataa msimu mzima wa kwanza, na bado naona ni uamuzi sahihi: mchezaji aliyechoka husimama kwa goti na mgongo, si kwa kalio. Mazoezi ya nguvu yanabaki mara 2 kwa wiki hata mashindano yakiwa yameshika kasi. Tena, kwa kuwa vyuma viwili vinasuguana, napimwa damu mara kwa mara kuangalia kiwango cha kobalti na kromiamu, hata nyonga inapokuwa haina maumivu yoyote.