Mita kwa Siku Hazipimi Kazi ya Kamera ya Majitaka

Miji mingi ya Marekani humlipa mkandarasi kwa urefu wa bomba la majitaka alilolikagua kwa kamera, na ndiyo maana jioni kikosi huulizwa kwanza kimekagua mita ngapi. Mimi niliyezoea kukaa mbele ya skrini ndani ya gari la ukaguzi naona swali hilo linapotosha.

Utaratibu wa PACP, yaani mwongozo wa Marekani wa kukagua mabomba kwa kamera na kuzipa kasoro madaraja, unaofuatwa na miji hiyo, unataka kamera isizidi futi 30 kwa dakika, yaani takriban mita 9. Kwa kasi hiyo, saa nane zingetosha kukagua zaidi ya kilomita 4, lakini sijaona kikosi kilichokaribia kiwango hicho. Muda mwingi huishia juu ya barabara: kupanga koni, kufunua chemba, kupima gesi, kushusha kamera, na baadaye kuikunja kebo yote na kuhamia chemba inayofuata. Ndani ya bomba nako, kila mara kamera inapofika mahali bomba la nyumba linapoungana na bomba kuu, husimamishwa na kichwa chake hugeuzwa ili kutazama pembeni.

Usafishaji ndio unaoamua zaidi. Bomba lisipooshwa vizuri kwa maji ya shinikizo, lenzi hupakwa mafuta yaliyoganda, magurudumu huteleza kwenye tope, na mizizi iliyopenya kwenye kiungo huning'inia mbele ya taa kama pazia. Hapo kamera hurudishwa, kisha hujaribiwa kutoka chemba ya upande wa pili, na ikikwama huko pia, kipande cha katikati hubaki bila kuonekana. Kwenye mabomba makubwa afadhali kusubiri usiku, maji yanapopungua, kwa sababu ufa ulio chini ya maji hauonekani hata opereta awe hodari namna gani.

Malipo ya mita peke yake humshawishi opereta apite haraka, na ufa uliostahili daraja la 4 (5 ndilo baya zaidi) huandikwa 2, au hauandikwi kabisa (wanaopitia video baadaye wanazijua vizuri picha hizo zinazokimbia). Ningependa usafishaji ulipwe kando, na ripoti ya siku ioneshe saa zilizotumika kusafisha, saa ambazo kamera ilikuwa ndani ya bomba, na sababu ya kila kipande kilichoachwa njiani.