Mana ya Siku ya Sita

Somo: Kutoka 16:13–31

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wapo kati yetu wanaoona kuweka akiba ya chakula ni kumtilia Mungu shaka. Husema: si tunaomba riziki ya leo? Kesho itajisumbukia yenyewe. Na somo la wiki hii kama linawaunga mkono, maana Waisraeli waliolaza mana, chakula alichowapa Mungu jangwani, kinyume cha agizo la Musa waliikuta asubuhi ina mabuu na inanuka.

Mahubiri mengi huishia hapo kwenye mabuu. Tuendelee kusoma. Siku ya sita watu wanaokota maradufu, pishi mbili kwa kila mtu, na Musa anawaambia waoke cha kuoka, watokose cha kutokosa, kinachosalia wakiweke mpaka asubuhi. Kulipokucha hakikunuka, wala hakikuwa na funza. Chakula ni kile kile, na walioweka ni wale wale. Mara ya kwanza waliweka kwa hofu, mara ya pili kwa kutii. Nionavyo mimi, Mungu hakuwa anakataza akiba. Alikuwa anawafundisha majira. Waliotoka siku ya saba, yaani Sabato, kwenda kuokota walirudi mikono mitupu.

Usukumani jambo hili linajulikana hata kwa asiyefungua Biblia. Viazi vitamu vikishavunwa havikai. Fukusi na uozo huvimaliza upesi. Basi kina mama humenya, hukata vipande vyembamba na kuvianika, mara nyingi juu ya mwamba uliopata jua la kutosha. Hiyo ndiyo michembe. Wengine hutokosa kwanza, ndipo wakate na kuanika, nayo huitwa matobolwa. Vikikauka sawasawa hukaa miezi, mpaka ile miezi ya mvua ambapo mahindi mapya bado yako shambani na ghala linaonyesha sakafu. Hapo michembe huchemshwa, ikaliwa na karanga au chai, na nyumba ikapumua. Vijana wengine siku hizi huiona chakula cha shida. Mimi naiona siku ya sita.

Lakini utii una kanuni zake, na sala haikaushi mahindi. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuombea ghala huku nafaka ndani yake ina unyevu. Mahindi au karanga zikihifadhiwa mbichi huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo tuanike juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na tupime kabla ya kufunga gunia. Kipimo hakina gharama: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na chumvi iliyo kavu kabisa, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yakishakauka, ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa husaidia sana. Dumuzi hukosa pumzi humo ndani, na hakuna haja ya dawa.

Waliopanga chumba mjini wasijione wameachwa. Kiroba cha udongo na samadi hutoa matembele, na mchicha huchumwa ndani ya mwezi. Majani ya kunde yakizidi, yachovye kidogo kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, kisha uyaanike kivulini, maana jua kali hupunguza vitamini A.

Sasa, akiba ya nani? Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 18, aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Paulo anapowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, ndio mstari anaowanukulia (2 Wakorintho 8:15). Mana anaigeuza mchango! Yule tajiri wa Luka 12 naye alikuwa na ghala, tena alipanga kujenga kubwa zaidi, ila katika mipango yake yote hakumtaja mtu mwingine hata mmoja. Yusufu aliweka sehemu ya tano ya mavuno ya Misri, na chakula hicho kikawafikia hata ndugu waliomuuza.

Kwa hiyo naiomba jumuiya yetu kitu kimoja. Kila nyumba iliyovuna itenge debe, la mahindi au la michembe, kwa ajili ya wazee na wagonjwa wetu, nalo litengwe sasa hivi, si Februari tutakapoanza kutazamana. Jumamosi baada ya sala tuje na chupa na chumvi. Ambaye mahindi yake hayajaingia gunia alete konzi mbili tatu tuyapime pamoja.